Brook Street namba 23 na 25: anza na ukuta

Wengi huenda Brook Street, mtaa wa Mayfair jijini London, kwa sababu ya wanamuziki wawili. Namba 25 alikaa Handel, mtunzi wa muziki, tangu 1723 mpaka alipofariki 1759, na humo ndimo alimotunga Messiah, kazi yake kubwa ya kwaya na okestra, mwaka 1741. Orofa za juu za namba 23 alikaa Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa roki, mwaka 1968 na 1969. Mimi ni muashi, kwa hiyo nilisimama kwanza ng'ambo ya barabara nikaangalia matofali.

Hakuna nakshi ya kukusimamisha. Uzuri wote umo katika vipimo: madirisha yamepangwa juu ya madirisha, na ukuta umepanda wima bila kutokeza popote. Utulivu huo una historia ya moto. London iliteketea 1666, na sheria zilizofuata ziliwabana mafundi wajenge kwa matofali au mawe, na kati ya jirani na jirani pawe na ukuta wa kuzuia moto. Mwaka 1707 mapambo ya mbao yaliyotokeza chini ya paa yalipigwa marufuku. Kuta zikapandishwa hadi zikaficha paa. Miaka miwili baadaye sheria ikaagiza fremu za madirisha zirudishwe ndani inchi nne, ili ulimi wa moto usizifikie upesi. Mafundi wa enzi ile walibanwa kila upande, na bado wakatoa sura hii. Nawaheshimu sana.

Ndani, kiwanja ni chembamba, basi nyumba imekwenda juu. Kila orofa ina chumba cha mbele, cha nyuma, na kijichumba kidogo kilichochomoza uani. Jiko liko chini ya ardhi. Chumba bora kiko orofa ya kwanza, upande wa barabarani, ambako dari ni refu na mwanga unaingia kwa wingi. Hapo Handel alifanya mazoezi na waimbaji wake, na chumba cha nyuma yake ndicho cha kutungia. Kwetu Lamu heshima ya nyumba huongezeka kadiri unavyoingia ndani, kutoka daka (kibaraza cha mlangoni), misana (kumbi ndefu za ndani), hadi ndani kabisa. Hapa hupimwa kwa orofa, na ukizidi kupanda hushuka tena: vyumba vinapungua kimo, madirisha yanafupika. Juu kabisa, katika nyumba za namna hii, walilala watumishi.

Ndiyo maana chumba cha Hendrix kilinigusa kuliko nilivyotarajia. Alikaa pale ambapo mjenzi hakuweka fahari yoyote.

Ukienda, panda ngazi polepole, mkono juu ya mbao ya kushikia. Angalia nguzo zake ndogo zilizochongwa kwa kuzungushwa. Kwenye orofa za chini fundi alimwaga ufundi wake wote, kwa kuwa hapo wageni walipita.