Safu ya Nne

Nilikuwa namalizia shahada ya uzamili katika sheria, na tasnifu yangu ilihusu uhuru wa dini. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndiyo aibu yenyewe. Profesa aliyenisimamia aliandaa mahakama ya mfano kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Yeye akawa jaji, mimi akanipa ukarani: kuita mashahidi, kuwaapisha, kuandika kumbukumbu. Nilitafuta Biblia na Kurani nikaziweka sambamba mezani, hata moja isionekane kuitangulia nyingine. Nikachora na karatasi ya safu nne: jina, umri, kazi, dini. Nilijiona mtu wa haki kwelikweli.

"Dini?" nikamwuliza shahidi wa kwanza. Muislamu. Nikampa Kurani. Wa pili, Mkristo, nikampa Biblia. Wa tatu, kijana mmoja mpole, akanyamaza. Nikarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio yake.

"Mimi siapi," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikaandika upesi kwenye safu ya nne: *Hana dini*. Kisha nikamnong'oneza, "Shika chochote tu, mdogo wangu, si igizo hili?"

Profesa akavua miwani. "Karani, swali hilo la dini umelitoa kwenye sheria ipi?"

Sikuwa na jibu. Ubaya ni kwamba jibu la kunikanusha nilikuwa nalo, tena kwa mwandiko wangu. Sura nzima ya tasnifu niliijenga juu ya kesi ya Alexandridis dhidi ya Ugiriki, ya 2008. Alexandridis, wakili, alikwenda kula kiapo cha kazi akakuta utaratibu unaomchukulia kila mtu kuwa Mwothodoksi. Ili akubaliwe kutoa uthibitisho, yaani ahadi isiyo ya kidini, badala ya kiapo cha dini, ilimbidi atamke kwamba yeye si wa dhehebu hilo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona ibara ya 9 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ile ya uhuru wa dini, imevunjwa. Mwaka 1999 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kesi ya Buscarini, ya wabunge wa San Marino walioambiwa waape kwa Injili la sivyo wapoteze viti. Hiyo mwanafunzi yeyote huielewa mara moja, maana shuruti iko wazi. Ya Alexandridis imejificha: mtu anatakiwa tu ajieleze, hadharani, na kule kujieleza ndiko kunakomnyima haki. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilishalisema jambo hilo 1993, katika Maoni yake ya Jumla namba 22: mtu asilazimishwe kufichua mawazo yake wala dini anayoifuata. Sentensi hiyo nilikuwa nimeinukuu mara mbili. Mara mbili!

Profesa hakunihutubia. Aliniagiza tu nimwulize shahidi kama ataapa au atathibitisha, basi. Akathibitisha, akatoa ushahidi (mzuri kuliko wa wenzake wote, kwa kweli), akashuka. Waliobaki nikawauliza vivyo hivyo. Wawili wakachagua kuthibitisha bila kueleza sababu, na safari hii ukumbi ulikuwa kimya.

Nilikuwa nakusanya vitabu kijana aliponijia. "Dada, kwenye karatasi umeniandikaje?"

Sikuwa na pa kuificha. Akasoma, akatabasamu kidogo.

"Kwetu Mathayo 5:34 tunaishika kama ilivyoandikwa," akasema. "Kuapa kumekatazwa."

Kumbe dini alikuwa nayo, na ndiyo iliyomzuia kuapa. Akaniomba kalamu, akayakata maneno yangu mawili kwa mstari mmoja ulionyooka, akanirudishia karatasi bila kuandika kitu mahali pake.