Matangazo ya mkorogo yamezidi

Jana nimesimama Darajani nangoja daladala, gari ya spika inapita inapiga kelele ati krimu hii wiki moja tu unang'ara, haina madhara, na mie nikamkumbuka mama yangu mdogo alivyoungua mashavu na krimu aloiona Instagram, muuzaji anajiita daktari na udaktari wenyewe wallahi haujui hata yeye.

Watu wasema mnunuzi atumie akili. Akili gani sasa, zebaki, ile sumu inotiwa kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha, utaiona kwa macho? Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa wa kudhibiti zebaki, mwanzo ulikataza vipodozi vyenye zebaki kuzidi sehemu 1 kwa milioni, hiyo inataka maabara si macho ya bi harusi aloambiwa aende mweupe ukumbini.

Norway toka 2022 ukirekebisha umbo au ngozi kwenye picha ya tangazo lazima ulibandike alama watu wajue. Sie huku fita za kurembesha picha kibao na hakuna anosema kitu! Mie siombi wafungiwe biashara, muuza halua na ajisifu atakavyo, ila anouza kitu cha kupaka mwilini akisema "haina madhara" aoneshe cheti kwanza ndo apewe hiyo spika.