Kwenye Lango la Mashariki la Tilaurakot

Tuliondoka Lumbini alfajiri ya Desemba, ukungu ukiwa umetanda juu ya tambarare yote ya kusini mwa Nepali, hata dereva akawa anaendesha huku ametoa kichwa dirishani. Mahujaji wengi huishia Lumbini, alikozaliwa Siddhartha Gautama, yaani Buddha, mwanzilishi wa dini ya Kibuddha, na ambako nguzo ya mfalme Ashoka ingali imesimama. Mimi nilitaka kuona mahali alipoupa kisogo utajiri wake.

Tilaurakot ni magofu ya mji uliozungushiwa ukuta wa matofali, na Wanepali huamini kwamba ndio Kapilavastu, mji wa ukoo wake wa Wasakya alikokulia, ingawa India nayo hukitaja kijiji cha Piprahwa ng'ambo ya mpaka. Upande wa mashariki ukuta una pengo, na hapo ndipo inaposemekana Siddhartha alipita usiku, akiwa na umri wa miaka 29, juu ya farasi wake Kanthaka, pamoja na mtumishi wake Channa. Walipovuka mto Anoma alikata nywele zake kwa upanga, akamkabidhi Channa mapambo yake ayarudishe nyumbani.

Mapokeo yanasema alikuwa na makasri matatu, moja kwa kila msimu. Kuyaacha hayo ni jambo ninaloweza kulielewa. Kilichonikaba koo pale langoni ni kile chumba alichochungulia kabla ya kuondoka, mkewe Yasodhara akiwa amelala na mtoto mchanga, Rahula, ambaye jina lake hufasiriwa kuwa ni pingu.

Nilimuuliza jambo hilo mtawa mzee kutoka Sri Lanka aliyekuwa ameketi kwenye matofali karibu nami. Nilimwita Bhante, kama watawa wa kwao wanavyoitwa kwa heshima, naye hakujaribu kunipunguzia uzito wa swali. Alisema kwamba miaka ilipopita Buddha alirudi Kapilavastu, Rahula akamfuata kudai urithi wake, na urithi aliopewa ukawa ni kuingizwa utawani angali mtoto. Babu yake, mfalme Suddhodana, aliumia sana, akaomba asichukuliwe tena mtoto wa mtu bila ridhaa ya wazazi wake. Ombi likakubaliwa, likawa kanuni, na mpaka leo anayetaka utawa huulizwa mbele ya watawa wenzake kama wazazi wamemruhusu. Kwangu mimi machungu ya yule babu yana uzito kuliko habari zote za farasi na upanga, kwa sababu yanaonyesha kwamba waliobaki nyuma nao walisikilizwa.

Kisha Bhante alinionyesha mali yake: mavazi matatu, bakuli, mshipi, wembe, sindano na kitambaa cha kuchujia maji. Vazi lilikuwa limeshonwa kwa vipande vilivyokatwa makusudi, maana kitambaa kilichokatwa hakiuziki kwa bei, na mishono yake ilipangwa mfano wa matuta ya mashamba ya mpunga. Nilipitisha kidole kwenye mshono mmoja na kukuta umeachia karibu na ukingo. Bhante alicheka kidogo, akatoa uzi wa rangi ya kutu, akajaribu kuutia kwenye tundu la sindano mara mbili, mara tatu, macho yakamgomea. Akaninyoshea vyote viwili. Nilivisogeza kwenye mwanga, nikautia uzi, nikamrudishia kwa mikono miwili, naye akainama kushona.