Pumzi ndefu ndiyo iliyokuwa ikinimaliza

"Dada, vuta pumzi ndefu!" Ndivyo abiria wenzangu walivyonipigia kelele siku niliyozidiwa ndani ya basi la mwendokasi, Dar es Salaam. Nami mtiifu, nikavuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo midomo ilivyoingia ganzi na vidole vikajikunja kama vya kuku aliyechinjwa. Mama mmoja akaanza kunisomea dua. Mwingine akasema presha.

Hospitali walipima moyo, mzima. Kifaa cha kubana kidoleni kikasoma oksijeni asilimia 99, na mimi naapa nakosa hewa! Kama laki hivi ilikwenda, kuambiwa siumwi. (Lakini mara ya kwanza nenda kapime, usijifanye mjuaji.)

Safari ya tatu nikampata daktari mwenye subira, akanieleza kuwa ni hofu inayonipanda ghafla na kunifanya niheme kupita kiasi. Mwili ukiunguza chakula kupata nguvu hutoa hewa ukaa. Ukikimbia inazalishwa nyingi, kwa hiyo kuhema ni haki yako. Mimi nilikuwa nahema kama mkimbiaji huku nimesimama nimeshika bomba. Hewa ukaa ikatoka haraka kuliko inavyotengenezwa, damu ikapungua asidi, mishipa ya ubongo ikasinyaa, kalsiamu ikavurugika, ndiyo vile vidole. Tena hewa ukaa ikipungua, damu huing'ang'ania oksijeni. Christian Bohr wa Denmark na wenzake walilieleza hilo mwaka 1904. Ile 99 yangu ilikuwa kama pesa kwenye simu siku mtandao umegoma.

Binamu yangu kusikia hivyo akaruka: pumulia mfuko wa karatasi, urudishe hewa yako! Usiku hofu iliponipanda, mfuko uliokuwepo ni wa maandazi. Nikaubana mdomoni, nikavuta kwa nguvu zote. Sukari na makombo vikaingia moja kwa moja kooni. Nikakohoa mpaka machozi, karatasi yenye mafuta imeganda puani, watoto wanaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alisema humo mfukoni oksijeni nayo inashuka, na kama shida ni pumu au moyo, unaweza kujiua. Halafu kuna wenye tatizo kama langu ambao hewa ukaa nyingi ndiyo inayowalipua hofu. Kumbe ikipungua taabu, ikizidi taabu!

Dawa nimeigundua mwenyewe, na naringa nayo. Navuta kidogo kwa pua, tumbo likiinuka, si mabega. Kisha natoa taratibu huku nikitaja vituo kwa pumzi moja: Shekilango, Urafiki, Manzese, Argentina, Kagera... Anayetaja vituo hawezi kuhema ovyo. Wiki za mwanzo nilikuwa naishia Manzese. Siku hizi nafika Jangwani bila kuongeza pumzi. Fanya na siku ukiwa mzima, usingoje kuzidiwa.

Juzi nimefumba macho, natoa pumzi yangu polepole, "Kageraaa". Mzee wa kiti cha mbele akanyanyuka na kapu lake, "Asante, mwanangu," akashuka. Nilipofumbua macho, tulikuwa bado Urafiki.