Siku moja katika stoo ya kanisa, Katesh: Ijumaa, 8 Desemba 2023

Saa 11 alfajiri

Simu inaita. Dereva wa fuso ameingia Katesh usiku, amelala kwenye usukani, sasa anauliza ashushie wapi. Mzigo umetoka usharika wa mbali sana na hakuna aliyetupigia kabla.

"Umebeba nini, kaka?"

"Nguo, mama. Marobota na marobota."

Nguo tena.

Kwa msomaji asiye wa huku: Jumapili iliyopita, alfajiri, siku ambayo sisi Walutheri tulikuwa tunaanza Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, sehemu ya Mlima Hanang, hapa kwetu mkoani Manyara, ilimeguka. Wataalamu wa serikali wamesema si volkano wala tetemeko. Upande wenye miamba dhaifu ulinyonya maji ya mvua mpaka ukazidiwa, ukakatika, ukageuka tope lililoshuka kwa kufuata Mto Jorodom, likizoa mawe, magogo, mifugo na nyumba. Gendabi, Jorodom, Ganana na sehemu ya mji wetu zimefukiwa. Waliofariki hadi sasa ni makumi kwa makumi, na vijana wa jeshi bado wanachimba.

Mimi ni katibu wa usharika. Kazi yangu ni vyeti vya ubatizo, matangazo ya Jumapili na daftari la sadaka. Kanisa letu liko upande ambao tope halikufika, ndiyo maana ukumbi umegeuka stoo na ufunguo ninao mimi.

Saa 12 na nusu asubuhi

Sala ya watenda kazi, dakika kumi, tumesimama kati ya viroba vya sembe. Juzi mzee mmoja wa kanisa alipewa asome neno, akafungua Zaburi ya 121 kwa mazoea, ile ya kuinua macho na kuitazama milima. Hakufika mstari wa pili. Alifunga kitabu, akasema, "Tuombe tu." Tangu hapo mchungaji anachagua mwenyewe cha kusoma, na anachagua kifupi.

Saa 1 hadi saa 4

Niseme ukweli, na wanaochangia wanisamehe: ukipita ukumbini kwetu leo utadhani ni mnada wa mitumba. Nguo zimefika darini. Humo ndani kuna vitu vya maana kweli, sweta, mashuka mazito, vitenge, nguo za watoto, maana Katesh usiku ni baridi na mtu aliyetoka kwenye tope alitoka na alichovaa. Ila kuna pia viatu vya visigino virefu, suti yenye zipu mbovu na gauni la harusi lenye shanga. Gauni hilo limepitia mikono ya kila mtu humu na hakuna anayejua aliweke wapi.

Viatu ndiyo kazi. Vinakuja kwenye gunia, kila kimoja kivyake. Vijana wa kwaya wamekaa chini na katani, wanatafuta pacha, wakimpata wanafunga fundo moja kwenye kamba na kuandika namba kwenye kipande cha boksi. Kiatu kisichofungwa na mwenzake kinakosa mwenzake palepale mlangoni, foleni ikianza kusukumana. Asubuhi nzima wamepata jozi za kutosha na rundo la viatu vya mguu mmoja ambalo sijui tutalifanyia nini.

Na wakati huohuo mtu anasimama dirishani anaulizia sufuria. Hatuna. Ndoo? Chache. Nguo mpya za ndani, taulo za kike, sabuni: zilikuja, zikaisha siku hiyohiyo. Baba mmoja ameulizia dawa yake ya presha. Kikopo kilikuwa dirishani na dirisha halipo. Huyo nimemwandikia kikaratasi na kumwelekeza kwa madaktari.

Saa 4 na nusu

Kikao cha kamati ya misaada. Serikali imeagiza kila kinachokuja kipite sehemu moja na kiandikwe, cha makanisa, cha misikiti, cha kampuni, chote. Wapo wenzangu wa kanisani waliokunja uso: sadaka ya waumini inawezaje kuombewa kibali? Mimi ninaunga mkono agizo. Siku mbili za kwanza kila gari lilisimama palipo na watu wengi, likashusha, likapiga picha na bango, likaondoka. Kaya iliyokuwa karibu na barabara ikapata magodoro ya ziada, iliyokuwa bondeni ikalala chini.

Ila kamati ina orodha ya walio kambini tu. Na hapo ndipo kwenye neno langu la leo.

Saa 6 mchana

Napanda bodaboda na mzee wa kanisa wa jumuiya ya upande wetu. Ana daftari dogo la shule, jalada limekatika. Ndani ameandika, kwa kalamu ya risasi, nani analala kwa nani.

Ukiwasikiliza watu redioni utadhani waathirika wote wako kambini. Wengi hawakwenda. Walikwenda kwa shangazi, kwa mkwe, kwa mtu waliyesali naye. Ndivyo tulivyo, mtu akiwa na ndugu mwenye paa, kulala darasani ni kumtia ndugu aibu. Kwa hiyo hawaonekani. Gari la misaada haliwezi kusimama kwenye nyumba ambayo haina hata alama ya tope.

Nyumba ya kwanza ina vyumba viwili. Mama mwenye nyumba ni mjane, tunasali naye. Amepokea familia ya mdogo wake, na familia ya mdogo wake ikaja na jirani yake aliyebaki na watoto. Wanakula kwa zamu kwa sababu sufuria ni moja. Namsalimia, nafungua daftari langu, namwambia nataka kumwandika.

"Usiniandike mimi, mwanangu. Mimi si mwathirika. Nimewapokea tu."

Namwomba anionyeshe ghala. Anasita, kisha anafungua. Mahindi yaliyobaki ni gunia moja na kitu, na tuko Desemba. Huku mahindi tunavuna katikati ya mwaka. Kwa hesabu ya kawaida yangemfikisha mbali, kwa hesabu ya watu hawa wote yatamfikisha Krismasi. Halafu ana mbegu pembeni, ameifungia kwenye mfuko wa saruji. Mdogo wake ananiambia pembeni kwamba jana dada yake alikuwa anautazama ule mfuko.

Mwenyeji akila mbegu, mwakani ni yeye tutakayemletea unga. Ninamwandika. Yeye kwanza, wageni wake baadaye.

Tumepita nyumba nyingine, na hadithi ni ileile kwa sura tofauti. Kwa mmoja wageni ni Wabarabaig wasio wa kanisa lolote, mwenyeji ni mzee wetu wa Kiiraqw, wamefahamiana minadani miaka mingi. Watapata wapi tena kitambulisho cha kujiandikishia? Mzee wa jumuiya anawajua, basi.

Ndiyo maana siku zote nitasema kitu cha thamani tulicho nacho kanisani kwa wakati kama huu ni lile daftari la kalamu ya risasi. Magari ya mizigo yenye uwezo yapo, serikali ina matrekta na jeshi, Msalaba Mwekundu wana mahema na utaalamu. Sisi kila wiki tunakaa barazani kwa fulani, tunaimba, tunachangia mgonjwa, tunajua nani hajaonekana. Wenzetu Wakatoliki wanazo Jumuiya Ndogo Ndogo na wanafanya hivyohivyo. Vijana wa msikitini waliozunguka Jumatano na wali wa sufuria kubwa walikuwa wanajua nyumba kwa nyumba pia.

Saa 9 alasiri

Kambini, shuleni. Jana Rais alikuwa Katesh, amekatiza safari yake ya Dubai, kwa hiyo leo kuna watu wengi zaidi wanaotaka kuonekana. Mmoja ni mhubiri mgeni, ana spika juu ya gari. Anataka nusu saa. Ujumbe wake, anamweleza mchungaji wetu, ni kwamba mlima umesema kwa sababu ya dhambi za watu hawa.

Mchungaji hapandishi sauti. "Baba, hapa kuna mama amezika watoto Jumanne. Umwambie ni dhambi ipi?"

Mgeni anajibu na aya. Mchungaji anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anamwambia spika hapana, ila kuna lori la maharage linasubiri mikono. Sikutegemea, lakini yule bwana amevua koti, akabeba magunia mpaka lori likaisha.

Saa 12 jioni

Sala ya jioni uwanjani, kabla ya ugali. Haina mahubiri. Tumesoma majina ya waliozikwa na ya wasiojulikana walipo. Mchungaji akaomba, shehe akaomba dua. Kisha mzee mmoja wa Kiiraqw akaomba nafasi, akasimama na fimbo yake, akaanza slufay, maombi yale ya wazee: mvua ije kwa upole, njia iwe salama, watoto walale, ng'ombe warudi. Wazee wakaitikia kwa pamoja kwa sauti ya chini, kisha na akina mama, kisha hata vijana ambao nilidhani hawajui.

Najua washarika watakaoniuliza kama hiyo ni sala ya Kikristo. Waniulize baada ya Krismasi.

Saa 3 usiku

Nyumbani, taa ya sola, madaftari mawili. Nahamishia majina ya mzee wa jumuiya kwenye fomu ya kamati. Fomu ina nafasi ya jina, umri, kijiji alikotoka na kambi aliyopo. Nimepiga mstari kwa rula, nikaongeza nafasi mbili: "jina la mwenyeji" na "akiba ya mwenyeji." Nimeupiga picha ukurasa wa kwanza, nikamtumia katibu wa kamati.

Amejibu haraka kuliko nilivyotegemea: orodha ni nzuri, niilete saa 2 asubuhi, lakini iwe na mhuri wa mwenyekiti wa kila kitongoji.

Wenyeviti wenyewe, mmoja amehamia kwa mkwewe na mwingine mhuri wake uko chini ya tope. Mume wangu anasema atawasha pikipiki saa 11, tuanze na yule wa kwa mkwe. Wa pili aandike kwa mkono, aweke dole gumba, nitambishia katibu hapohapo mezani.