Maji Yasiyo ya Mwezi

Jana baada ya magharibi mwanangu alinijia na daftari. "Baba, tsunami kwa Kiswahili inaitwaje?" Nikamwambia angoje nimalize kula. Wali ukapoa mbele yangu, jibu sina.

Nilikuwa na miaka 14. Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, mimi na Ami, ndugu yake baba, tuko pwani hapa Malindi, mashua tumeilaza ubavu tunaikalafati, mikono yote inanuka sifa, yale mafuta ya samaki. Mwezi ulikuwa mpevu, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Asubuhi maji yalikupwa mpaka mbali, na adhuhuri ilipopita yalikuwa yanajaa taratibu, mekundu kwa udongo wa mto Sabaki. Redio hatukuwa nayo.

Kisha maji yakarudi nyuma. Yalikuwa yamekwisha kufika kwenye kigingi tulichofungia amari, kamba ya chombo, nikaona yanakiacha, polepole, kama mtu anayevuta shuka kitandani mwa aliyelala. Mashua tatu zilizokuwa zikielea zikagusa mchanga, zikainama moja baada ya nyingine. Pakawa kimya, nikasikia mchanga ukinyonya maji. Tasi wadogo wakabaki wanarukaruka kwenye vidimbwi, na mtoto wa jirani akanyakua kapu akawakimbilia. Ami akatupa patasi, akamfuata, akamshika ukosi wa shati na kumburuta mpaka juu kwenye minazi.

"Haya si maji ya mwezi," alisema. Hakusema zaidi. Utambi wa pamba ulikuwa bado unaning'inia vidoleni mwake, na mimi, niliyemjua kwa kuijua bahari kuliko mtu yeyote, nilimwona hana neno jingine.

Yakaja. Hapakuwa na wimbi la kuvunjika. Bahari nzima ilipanda kama mto wa masika, ikaziinua zile mashua na kuzizungusha, amari mbili zikakatika. Kabla hatujapata pumzi yakaondoka tena. Yakawa yanakwenda na kurudi hivyo mpaka alasiri. Usiku ndipo tukasikia kwamba kuna mtu aliyezama Watamu akiogelea, na kwamba ng'ambo ya pili ya bahari watu hawahesabiki. Baadaye walihesabiwa, wakapita 220,000. Lau maji yetu yangekuwa yamejaa saa ile, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Jana nilichukua rula ya mwanangu, nikaibana ukingoni mwa meza, nikaipinda kwa kidole. Nikamwambia gamba la dunia nalo hupindika. Magharibi ya kisiwa cha Sumatra, kule Indonesia, bamba la Hindi, kipande kikubwa cha gamba hilo, hujipenyeza chini ya jirani yake, sentimita chache kwa mwaka. Yakishikana, ukingo wa bamba la juu huvutwa chini, mwaka baada ya mwaka, mamia ya miaka. Nikaiachia rula. Usiku wa kuamkia siku ile ya mashua, karibu saa kumi kwa saa zetu sisi tukiwa tumelala, ufa wa kilomita kama 1,300 ulifyatuka, zaidi ya mara mbili ya pwani yote ya Kenya. Kwa ukubwa tetemeko lile lilipimwa 9.1. Sakafu ya bahari ikainuka mita kadhaa na kuyabeba maji yote yaliyokuwa juu yake, na nyuma ya pale palipoinuka nchi ikazama. Tulichokiona sisi baada ya muda wa saa tisa ni maji yale yakitafuta pa kutulia.

Lakini kinachonirudia zaidi ni kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa na ule ufa. Upande mmoja wa kisiwa ulinyanyuka zaidi ya mita moja, matumbawe yaliyokuwa hai chini ya maji yakatoka juani yakafa, meupe. Watu wake walipona karibu wote, kwa kuwa tangu maji ya mwaka 1907 walikuwa na neno la maji kama yale, smong, na mtoto hufundishwa akilisikia akimbilie mlimani. Sisi tuna bamvua, tuna maji mafu, tuna kusi na kaskazi. La yale maji Ami hakuwa nalo, na ameshatangulia mbele ya haki.

"Sasa niandike nini?" mwanangu akauliza.

Nikamwambia aandike tsunami, ndivyo watu wanavyosema.

"Na babu alisemaje?"

Nikamwambia. Akaandika pembeni kwa penseli. Sijui kama mwalimu atalipokea.