Maharage kumi na moja: nilivyoendesha opera bila kusoma nota

Ratiba ya msimu ilibandikwa mwezi wa nane kwenye mlango wa karakana ya mandhari. Karatasi moja ya manjano, maonyesho manne, na mbele ya kila onyesho jina la meneja wa jukwaa. Oktoba, tamthilia ya Shakespeare. Novemba, opera ya Henry Purcell, Dido and Aeneas. Februari, mchezo mpya wa mwanafunzi wa uandishi. Aprili, The Magic Flute ya Mozart. Jina langu lilikuwa kwenye Novemba. Nikalisoma tena nikifuata mstari kwa kidole, nikidhani macho yamenidanganya.

Mimi ni mtu wa michezo ya kuigiza. Nilisoma sanaa Bagamoyo, kisha nikafanya kazi Dar es Salaam na vikundi vya kuzunguka, ambako meneja wa jukwaa ndiye huyohuyo anayebeba viti, anayetafuta mafuta ya jenereta, na anayempigia simu mwigizaji aliyekwama kwenye foleni ya Ubungo. Ishara za taa nilikuwa nazitoa kwa kuwasha na kuzima tochi. Nikapata nafasi ya shahada ya uzamili huku Iowa, Marekani, kwenye mji wa chuo uliozungukwa na mahindi kila upande, na nikajua kazi nitakayopewa ni ileile niliyoizoea, ila safari hii kwa vifaa vizuri zaidi.

Opera ni jambo jingine. Kwenye mchezo wa kawaida, ishara zote unaziandika pembeni mwa maneno: mwigizaji akitamka neno fulani, taa zinabadilika. Kwenye opera kitabu chako ni kitabu cha nota, sauti za waimbaji juu na piano chini, na kila ishara inakaa juu ya pigo fulani la muziki. Mwimbaji anaweza kulivuta neno moja mistari miwili. Ukingoja neno, umechelewa. Meneja wa opera asiyesoma nota ni sawa na konda asiyejua vituo, na mimi nota za mistari mitano nilikuwa naziona kama siafu wanaovuka waya.

Nikaenda kwa mwalimu anayesimamia uzalishaji, nikamwambia ukweli. Akaniuliza kama sijawahi kuimba kabisa. Nikamjibu kwamba nimeimba sauti ya tena (tenor) kwenye kwaya ya Kilutheri Moshi tangu sauti iliponivunjika, ila kwa solfa, muziki unaoandikwa kwa herufi za do, re, mi. Akataka nimwonyeshe. Nikaandika ubaoni: d : r | m : – , nikaimba. Akacheka, akasema basi nota unasoma, umezoea tu maandishi mengine, nenda katafsiri.

Aliyekulia kwenye kwaya za nyumbani hahitaji kuelezwa. Mwalimu wa kwaya anaandika ubao mzima wa herufi na nukta, sauti nne zimepangwa moja chini ya nyingine, na watu wazima ambao hawajawahi kuona piano wanaimba wimbo mgumu siku hiyohiyo. Mfumo huo ulienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, wamisionari wakauleta kwetu, na mpaka leo wengi wetu huo ndio muziki wetu wa kuandika. Uzuri wake ni kwamba hujali wimbo uko kwenye ufunguo gani. Ukishajua do iko wapi, umefika. Huku niliko wanauona kama kitu cha watoto wa chekechea. Nami nikanyamaza, kwa sababu wakati huo nilihitaji msaada kuliko ubishi.

Bahati nyingine ni opera yenyewe. Dido and Aeneas huchukua kama saa moja tu, na okestra yake ni ndogo, vinanda vya nyuzi na kinubi cha kibodi kinachowafuata waimbaji. Hata historia yake ni ya wanafunzi: onyesho la zamani kabisa linalojulikana lilifanyika kwenye shule ya wasichana Chelsea, London, si baada ya mwaka 1689. Kisa ni cha Dido, malkia wa Karthage, mji ambao magofu yake yako Tunisia. Anampenda Aeneas, wachawi wanafanya hila, Aeneas anaondoka na merikebu zake, malkia anakufa. Hadithi ambayo hata bibi yangu angeifuata bila mkalimani.

Kwa wiki nne nilikuwa narudi chumbani usiku, napika ugali wa haraka, nafungua jalada langu la pete tatu na kuandika solfa kwa kalamu nyekundu chini ya sauti ya juu na chini ya besi. Mpiga piano wa mazoezi alinipa dakika ishirini kila baada ya mazoezi, nami nikamlipa kwa chapati. Yeye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho sikukiona vitabuni: kuna sehemu za opera ambazo hazihesabiki. Mwimbaji anaimba kama anayezungumza, kinubi kinamwekea chodi moja hapa na moja pale, hakuna mapigo ya kushika. Hapo unatazama pumzi. Nilikuwa na skrini ndogo mezani inayomwonyesha kondakta kwa kamera ya gizani, na nyingine inayoonyesha jukwaa. Mabega ya mwimbaji yakipanda, ishara inapanda naye. Hilo nililielewa upesi. Manju wa ngoma naye anamtazama mchezaji kifuani kabla mguu haujagusa chini.

Kilichonishinda kilikuwa mwishoni. Dido, kabla ya kufa, anaimba wimbo wa maombolezo uliojengwa juu ya besi moja inayojirudia. Inaanzia la, inateremka nusu hatua kwa nusu hatua, la, se, so, fe, fa, mpaka mi, kisha inazunguka kurudi nyumbani la. Vipimo vitano vya muziki, halafu inaanza upya. Inajirudia mara 11. Mzunguko wa kwanza besi iko peke yake. Sauti inaingia kwenye wa pili, inakwenda mpaka inatua mwanzoni mwa wa kumi, na miwili ya mwisho ni vinanda peke yao. Mwongozaji alitaka taa zianze kufa polepole sekunde ileile sauti inapotua, mzunguko wa kumi. Halafu, kwaya ikishaingia na kuomba maua ya waridi yamwagwe juu ya kaburi la malkia, petali za karatasi zishuke kutoka juu.

Petali hizo zilikuwa kwenye kitambaa kirefu kama machela, chenye matundu upande mmoja, kimening'inizwa kwenye vyuma viwili juu ya jukwaa. Chuma kimoja kikishushwa kidogo na kutikiswa, karatasi nyekundu zinaanza kudondoka mojamoja. Aliyekuwa kwenye kamba ni kijana wa Bukavu, mwaka wa pili wa uhandisi, anayefanya kazi ukumbini kwa malipo ya saa. Wakongo ni wengi Iowa, na nilipomsikia siku ya kwanza akimwambia mwenzake kwenye simu "niko kwenye kazi, nitakupigia," nilisimama katikati ya ukumbi nikiwa na ngazi begani. Tangu siku hiyo akawa ananiita yaya, ambalo kwa Kiswahili cha kwao ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto.

Mazoezi ya mwisho yenye maleba, okestra yote chini, walimu wamekaa safu ya sita. Nikawaweka wote tayari mapema, taa na kamba pamoja, uoga wa mgeni. Maombolezo yakaanza. Yule dada aliyeimba Dido alikuwa na sauti ya kukusahaulisha ulichokuja kufanya, na kwa kweli nilisahau. Nikawa nafuata sauti yake badala ya besi. Kosa langu likawa hapo, kwa sababu Purcell amefanya makusudi: sauti haianzi pale besi inapoanza wala haipumziki pale besi inapopumzika. Inavuka mishono. Tena maneno ya "nikumbuke" yanaimbwa, kisha sehemu yote hiyo inarudiwa. Nilipofika mwisho wa mara ya kwanza nikadhani nimefika mwisho wa pili. Nikasema "go."

Hapa lazima nieleze neno hili. Kwenye vifaa vya masikioni wakati wa onyesho, "go" ni neno la meneja peke yake. Watu wengine wanalikwepa hata wakitaka kuaga kwenda chooni, maana mkono wa mtu uko kwenye kitufe unalisubiri. Mimi nilikuwa na watu wawili wanalisubiri. Wote wakalisikia.

Taa zikaanza kufa, na waridi zikamwagika. Dido alikuwa hajamaliza, bado ana mizunguko miwili ya kuimba, kichwa amekiinua, mdomo wazi kwenye nota ya juu kabisa ya wimbo. Petali moja ikatua kwenye mdomo wake wa chini ikang'ang'ania. Akaendelea kuimba. Karatasi inatetemeka kila anapotoa neno, kwaya nyuma yake mabega yanawacheza, kondakta hakusimamisha. Kwenye masikio nikasikia sauti ya Bukavu, chini kabisa: "Yaya, bado, eh?"

Mwongozaji hakunigombeza. Alisema tu kwamba kesho ni ufunguzi. Ningependa angenigombeza.

Nilirudi chumbani, maharage niliyoloweka asubuhi yakiwa kwenye bakuli. Yaliyobaki makavu yalikuwa kwenye mfuko. Nikachagua 11, makubwa, mekundu. Nikaweka rekodi ya mazoezi, sauti ya Dido nikaipunguza kichwani kama mtu anayekataa kusikiliza umbea, nikashika besi tu. Kila ikirudi la, harage moja linatoka kushoto kwenda kulia. Nikarudia mpaka jirani akagonga ukuta.

Asubuhi nikamfuata yule kijana ukumbini.

"Mdogo wangu, leo ukisikia 'go' usiguse kamba."

"Sasa nitajuaje?"

"Nitasema 'haya'."

Akafikiri kidogo. "Weye sema tu haya, miye nashusha."

Nikamweleza mwalimu mpango huo, kwa sababu kwenye ukumbi wa watu hubadilishi lugha ya usalama kimyakimya. Vyuma vile ni vizito na kuna watu chini. Aliuliza kama kuna mtu mwingine yeyote kwenye mtandao wa masikio anayejua neno hilo. Hakuna. Akaandika kwenye karatasi ya siku, herufi kubwa, na nikaona fundi wa taa, Mmarekani wa mwaka wa kwanza, akijaribu kulitamka mbele ya kioo.

Usiku wa ufunguzi ukumbi ulijaa. Juu ya jukwaa maneno yakapita kwenye ubao wa mwanga, ingawa opera yenyewe ni ya Kiingereza. Kiingereza cha karne ya 17 kikivutwa na sauti ya soprano hata wenyewe hawakidaki. Ubao huo haukuwepo zamani: ulianza kutumika Toronto mwaka 1983, kwenye opera ya Elektra. Wapo wanaoulalamikia mpaka leo, kwamba watu wanasoma badala ya kutazama. Mimi niliupenda, maana ulinipa kitu cha kuhofia kidogo kabla ya kile cha kuhofia sana.

Maombolezo. Maharage yako kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa, chini ya taa ya bluu ya mezani. Besi peke yake, harage la kwanza. Sikumtazama Dido. Nilitazama mkono wa mpiga selo kwenye kona ya skrini, ule wa upinde. La pili, la tatu. La sita, "nikumbuke" ya kwanza. La nane, inarudiwa, na hapo ndipo jana nilipokuwa nimekwisha kuharibu. Kidole changu juu ya la tisa kilikuwa na jasho. Besi ikarudi la, sauti ikatua pamoja nayo, harage la kumi likasogea. "Go."

Taa zikaanza kuzama kama mtu anayefumba macho mwenyewe. Vinanda vikamaliza mizunguko yao miwili. Kwaya ikaingia, ikafika kwenye waridi.

"Haya."

Zikashuka mojamoja, polepole kuliko jana, na huyu kijana wa uhandisi alikuwa anaitikisa kamba kwa mapigo ya kwaya. Hakuna aliyemwagiza.

Tulionyesha mara nne, Alhamisi mpaka Jumapili mchana. Jumamosi harage la saba liliruka chini ya meza nikamaliza kwa kuhesabu vifundo vya vidole, na ikawa sawa. Baadaye dada aliyeimba Dido alikuja chumba cha udhibiti kuomba kisahani akione, kwa sababu habari zilikuwa zimeshaenea. Akachukua harage moja. Kwa hiyo sasa ninayo kumi.

Ratiba ya manjano bado iko mlangoni, ila wamefuta jina kwenye Aprili na kuandika langu. The Magic Flute ilionyeshwa mara ya kwanza Vienna tarehe 30 Septemba 1791, ni ndefu karibu mara tatu ya hii, ina nyoka, ndege, majaribio ya moto na maji, na Malkia wa Usiku anayepanda kwa sauti mpaka mahali ambapo solfa yangu haijawahi kufika. Lakini kati ya nyimbo watu wanazungumza, maneno ya kawaida kabisa, na hapo ni nyumbani kwangu. Jana usiku nimefungua ukurasa wa kwanza. Mwanzoni mwa mistari kuna bemoli tatu, alama za kushusha nota nusu hatua, na hizo ndizo zinazoniambia do iko wapi. Kwenye maombolezo ya Dido, do ilikuwa mstari wa katikati. Hapa iko mstari wa chini kabisa. Nimeizungushia duara kwa kalamu nyekundu.